Kwa nini nusu fainali ya saa 8 ilipoa na ya saa 10 ikawaka

Swali: Shikamoo mwalimu. Naratibu kombe la mtaa hapa Nkuhungu, Dodoma, soka na netiboli. Nusu fainali ya kwanza ya soka tuliipiga saa 8 mchana. Yalifungwa magoli matano, ikaisha 3–2, lakini uwanja ulikuwa kimya. Ya pili ilianza saa 10 jioni, 0–0 mpaka matuta, na hadi leo watu wanaisimulia. Kamati sasa imegawanyika. Wapo wanaotaka fainali ya Agosti ichezwe usiku kwa taa za kukodi, wapo wanaotaka saa 8 ili watu wawahi nyumbani. Je, saa ya mchezo ina nguvu kiasi hicho, au ni timu tu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Saa ina nguvu, tena kubwa kuliko kamati nyingi za mashindano zinavyodhani. Ila nguvu hiyo haikai pale wengi wanapoitafuta. Ukimuuliza kocha atakuambia ni mwili: mchezaji wa jioni ana kasi kuliko wa mchana. Ni kweli, na nitaanza na hilo. Lakini kwa jinsi ulivyozieleza nusu fainali zako, tofauti ilikuwa zaidi kwa watu waliouzunguka uwanja kuliko kwa wale ishirini na wawili waliokuwa ndani.

Joto la ndani ya mwili halibaki palepale kutwa nzima. Huwa chini kabisa kama saa 10 au 11 alfajiri, hupanda taratibu, na hufika kileleni jioni, kati ya saa 11 na saa 1. Tofauti ni ndogo, nusu nyuzi hadi nyuzi moja hivi, lakini msuli wenye joto hukaza upesi na kuachia upesi, na mchezaji hustuka mapema zaidi mpira unapobadili njia. Mwaka 2020 mtafiti Renske Lok na wenzake walichapisha uchambuzi wa muda wa waogeleaji katika Olimpiki nne, kuanzia Athens 2004 hadi Rio 2016. Waligundua kwamba waogeleaji walikuwa na kasi kubwa zaidi kama saa 11 na dakika 12 jioni. Katika fainali nne kati ya kila kumi, tofauti inayoletwa na saa ilikuwa kubwa kuliko pengo lililotenganisha medali ya dhahabu na ya fedha. Fikiria mtu aliyejiandaa miaka minne halafu ratiba ndiyo inamkata.

Usiichukue hesabu hiyo ukaipachika Nkuhungu kama ilivyo. Mtafiti Sébastien Racinais alipima jambo hilohilo Guadeloupe, kisiwa cha joto katika Karibi, akaona kwamba mahali pa joto na unyevu hewa yenyewe huupasha mwili tangu asubuhi, na pengo la asubuhi na jioni hupungua sana. Naamini Dar es Salaam na Tanga ziko karibu na hali hiyo. Dodoma haiko huko. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai na Agosti kipimajoto hushuka hadi nyuzi 14 hivi. Mchezaji wetu anayeingia uwanjani saa 2 asubuhi bila kupasha misuli ya kutosha anacheza na mwili ambao bado umelala.

Sasa hiyo saa 8 mchana. Saa ya Tanzania inafuata mstari wa longitudo digrii 45 mashariki, ambao kwa usawa wetu uko baharini, nje kabisa ya nchi. Dodoma iko karibu digrii 36, na kila digrii moja ni dakika 4 za jua. Kwa hiyo jua letu huchelewa kufika kileleni. Mwezi Agosti hufika hapo kama saa 6 na dakika 43. Mechi ya saa 8 basi inaanza saa moja na robo tu baada ya adhuhuri ya kweli, na inaipitia saa 9, ambapo hewa huwa ya moto kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Mtu aliyepanga saa 8 akidhani jua limeshaanza kulegea amedanganywa na saa ya ukutani.

Jua hilo linabadili mpira wenyewe. Mechi za Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil zilipochambuliwa, ilionekana kwamba kwenye joto kali wachezaji walipiga mbio chache za kasi, lakini asilimia ya pasi zilizofika ilikuwa kubwa zaidi. Maana yake, mchezo ulikuwa nadhifu na wa polepole. Hakuna anayemfuata mwenye mpira hadi amnyang'anye, kila mtu anatunza pumzi. Magoli yanaweza kuja mengi, kwa sababu beki aliyechoka huacha mwanya, lakini goli la namna hiyo halitanguliwi na msukosuko unaowafanya watu wasimame. Nadhani 3–2 yenu ilikuwa hivyo. Magoli matano, na hakuna hata moja ambalo uwanja uliliona likija.

Nilisema jambo kubwa liko nje ya chaki, na ninataka ulitazame kwa makini, kwa sababu hili unaweza kulipanga mwenyewe bila kuwa na wachezaji wazuri.

Chukua mwarobaini wa mita 6, wa aina iliyojaa pembeni ya viwanja vyetu. Mwezi Agosti saa 8 mchana, jua likiwa juu sana, mti huo unatoa kivuli cha mita 3 hivi. Saa 10 na robo kivuli kimefika mita 9. Saa 12 kasoro robo kimevuka mita 25. Sasa kumbuka watu walikuwa wapi saa 8. Sina haja ya kuwepo ili nikuambie: walirundikana upande mmoja, chini ya miti michache, na wengine kwenye ukuta wa nyumba jirani, mbali na mstari. Pande tatu za uwanja zilikuwa tupu. Winga akikimbia upande mtupu hana wa kumpigia kelele. Saa 10 na nusu watu wanatoka kivulini na kusogea mpaka kwenye chaki, pande zote nne, bega kwa bega. Shangwe ni kitu cha kuambukizana, na haiambukizi kwa umbali. Mtu hupiga kelele kwa sababu aliye kushoto kwake amepiga, na mchezaji anayerusha mpira huku pumzi za watu ziko kisogoni hawezi kuurusha kivivu.

Kisha kuna sauti yenyewe. Mchana ardhi ya Dodoma ikishachemka, hewa iliyo karibu na ardhi huwa ya moto kuliko iliyo juu yake, na sauti ikipita humo hupinda kuelekea juu. Kelele za watu hupotelea angani. Upepo wa kusini-mashariki, ambao Agosti unaujua, huwa na nguvu zaidi mchana na kuzitawanya zile zilizobaki, mbali na vumbi unalowapaka watazamaji. Kuelekea machweo upepo hutulia. Anga letu ni kavu na halina mawingu miezi hiyo, kwa hiyo ardhi hupoa upesi, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti sasa hupinda kurudi chini. Ngoma ileile, vigelegele vilevile, vinasikika mbali zaidi. Matuta yenu yalipigwa karibu na saa hiyo. Kuna watu waliosikia kelele wakiwa majumbani wakatoka mbio kuja kuona, na walipofika wakaongeza kelele.

Bado sijagusa kile ninachokiona kikubwa kuliko vyote: je, watu wako huru? Nitakupa mfano unaopingana na kila nilichosema kuhusu mwili. Oktoba 30, 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni Kinshasa kama saa 10 alfajiri, ili watazamaji wa Marekani waone pambano usiku wao. Kwa hesabu ya joto la mwili hiyo ni saa mbovu kuliko zote. Lakini watu kama 60,000 walikuwa uwanjani wakiimba "Ali, bomaye", na Foreman alipoanguka raundi ya 8 hakuna aliyekuwa na usingizi. Walikuwa wamekuja kwa jambo moja tu, hawakuwa na kazi ya kurudia wala chungu jikoni. Saa mbovu ya mwili ilishindwa na watu walioamua kuwepo.

Waingereza ndivyo walivyoipata saa yao ya mpira. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliagiza kazi ya wanawake na vijana katika viwanda vya nguo ikome saa 8 mchana siku ya Jumamosi. Baadaye mpira ukaizoea saa 9 alasiri, saa ambayo mtu ametoka kazini, amekula, na amefika uwanjani. Saa hiyo ilipangwa kwa kufuata watu, na mpaka leo imesimama.

Kwetu fuata watu hivyohivyo. Mama lishe wa Sabasaba na Majengo saa 8 mchana ndiyo kwanza anahudumia wateja wa mwisho na kuosha vyombo. Fundi yuko saiti. Mtumishi wa serikali, kama ni siku ya kazi, anatoka saa 9 na nusu, na akitoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ana zaidi ya kilomita 15 za kurudi mjini. Waliobaki, waliokwisha kula, wako katika saa ambazo mwili wa binadamu hulegea baada ya adhuhuri; kati ya saa 7 na saa 9 usingizi humnyemelea hata asiyefanya kazi. Kwa hiyo saa 8 ulipata wachache, tena wenye macho mazito.

Kuhusu usiku. Najua kinachowavuta wanakamati. Wameona mechi za Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku, nyasi zinang'aa, na wanataka uzuri ule. Ule uzuri unatokana na taa zilizowekwa juu sana, pande zote, zenye mwanga sawa, ili jicho lisiwe na pengine pa kwenda ila uwanjani. Taa za kukodi za jenereta huwekwa chini, mara nyingi pembe mbili tu. Mpira wa juu ukipita mwanga unapotea, kipa anatazama taa badala ya krosi, na wachezaji wana vivuli virefu vinavyowachanganya watazamaji. Msisimko hauwezi kuwepo pale ambapo mtu wa upande wa pili anauliza jirani yake nani kafunga. Zaidi ya hapo, usiku utawapoteza watoto, wazee na akina mama wengi, na hao ndio wenye vigelegele. Binti anayetoka peke yake uwanjani saa 3 usiku kutafuta bodaboda hatarudi mechi ijayo, na wazazi wake wana haki. Kwa soka la mtaa naipinga fainali ya usiku bila kusita, labda mpate uwanja wenye taa zake za kudumu.

Usidhani hata wakubwa hawahangaiki na hili. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 kule Pasadena ilianza saa 6 na nusu mchana, jua la Julai la California, ili Ulaya ione jioni. Brazil na Italia zilicheza dakika 120 bila goli, na ikawa fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia kuamuliwa kwa penalti. Sitasema jua peke yake liliizuia mipira kuingia, lakini wachezaji walioonekana pale walikuwa wamekamuliwa. Na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, baada ya miaka mingi ya kuanza saa 3 usiku, iliamua fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2026 ianze saa 12 jioni kwa saa za Ulaya ya kati, ikitaja mashabiki wanaohitaji usafiri wa kurudi na familia zenye watoto. Wenye taa bora kuliko zote wamerudi kwenye jioni.

Kuna jambo kamati yenu lazima iliandike kwenye kanuni: saa ikishatangazwa isiguswe. Mei 8, 2021, watani wa jadi Simba na Yanga walikuwa wakutane saa 11 jioni. Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba mechi imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakashikilia saa ya awali, wakaja uwanjani kwa saa hiyo, wakaondoka. Mechi haikuchezwa. Watu waliokuwa wamesafiri kutoka mikoani wakarudi mikono mitupu, na pambano likapigwa Julai 3, Yanga wakashinda 1–0. Shabiki hujiandaa na moyo wake unapanda kuelekea saa aliyoambiwa. Ukiisogeza, unamshusha, na ni vigumu kumpandisha tena siku hiyo. Kwenye kombe la mtaa hili hutokea kwa namna ndogo: mgeni rasmi amechelewa, basi timu zinasimama juani nusu saa. Anzeni. Mgeni atakabidhi kombe mwishoni.

Saa pia huamua nani anaipata mechi ikiwa mbichi, kabla matokeo hayajamfikia. Septemba 15, 2025, mwana wa Singida, jirani zetu, Alphonce Simbu, alikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo. Ilianza saa 1 na nusu asubuhi kwa saa za kule, saa 7 na nusu usiku kwetu. Alimaliza kwa saa 2:09:48, muda mmoja na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa dunia wa riadha kwa Tanzania, na ulipatikana kama saa 9 na dakika 40 usiku, nchi imelala. Asubuhi watu walifurahi, nami nilifurahi sana. Lakini aliyeona zile hatua za mwisho bila kujua nani atashinda alipata kitu ambacho sisi tuliozitazama kwenye simu asubuhi, tukijua mshindi, hatukukipata.

Kwa fainali yenu ya soka, anzeni saa 10 na robo. Waislamu watakuwa wameshaswali alasiri, jua limeshuka nusu ya pembe yake ya saa 8, kivuli kimetoka. Dakika 90, mapumziko 15, na dakika za kufidia zitawafikisha kama saa 12 na dakika 7. Jua la mwanzoni mwa Agosti linazama Dodoma karibu saa 12 na dakika 38. Kwa hiyo muda wa matuta upo, lakini muda wa nyongeza haupo: mkiweka dakika 30 za ziada, penalti zitapigwa gizani. Andikeni mapema kwamba sare inakwenda moja kwa moja kwenye matuta, na timu zote ziweke sahihi. Angalieni pia ratiba ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ikiwa imeshaanza, mechi zao za Jumamosi saa 9 alasiri huangukia saa 11 jioni kwetu miezi ya kiangazi chao, na nusu ya vijana wenu watakuwa kibanda umiza. Jumapili ni salama zaidi, na ibada zimekwisha.

Kama uwanja wenu ni wazi na mnaweza kuuchora upya, magoli yaelekee kaskazini na kusini. Mkishindwa, jueni kwamba kipindi cha pili kipa anayetazama magharibi atakuwa na jua usoni, digrii kama 12 tu juu ya upeo. Mwambieni refa awakumbushe manahodha hilo kabla ya kurusha shilingi, ili anayechagua goli achague akijua.

La mwisho hukuliuliza, ila umelitaja: netiboli. Natazama ratiba za mabonanza mengi hapa mjini na naona akina dada wanapewa saa 7 na nusu au saa 8, "kufungua uwanja", kwenye jua lile nililolieleza, mbele ya watu wachache waliojificha kivulini. Halafu kamati inasema netiboli haina mashabiki. Netiboli ni robo nne za dakika 15, na pamoja na mapumziko inakwisha ndani ya saa moja na nusu, kwa hiyo inaingia vizuri kabisa kwenye jioni. Ipeni Jumamosi yake, saa 10 na robo ileile, bila mechi ya wanaume kabla wala baada, na mgeni rasmi awepo siku zote mbili. Kama ligi ya Uingereza itakuwa imeanza, badilishaneni siku: mwaka huu akina dada ndio wapate Jumapili iliyo salama, soka liende Jumamosi.